Mama ana alama ya T ya -2.8: ameze alendroneti, au kalsiamu na supu ya mifupa vinatosha?

KitindaMimba_Umoja

Hamjambo wadau. Mama yangu ana miaka 68. Mwezi wa nne stima ilipotea akiwa anashuka ngazi za ploti, akakosa kidato cha mwisho, akaangukia mkono. Kifundo kikavunjika. Plasta ilipotolewa, daktari akamtuma kupigwa kipimo cha DEXA, kile cha kupima uzito wa mfupa, kule Parklands. Majibu ya alama ya T: nyonga -2.3, uti wa mgongo -2.8. Akaandikiwa alendroneti, dawa ya kuzuia mifupa isizidi kudhoofika, ya miligramu 70, tembe moja kwa wiki, pamoja na kalsiamu na vitamini D. Foleni ilikuwa ndefu, tukajikuta nje kabla sijauliza lolote.

Sasa kalsiamu anameza, alendroneti imelala kabatini. Shangazi amemwambia inaozesha taya. Wenzake wa chama wanasema supu ya mifupa kila jioni inatosha, na kwamba huu udhaifu wa mifupa ni ugonjwa wa wazungu. Mwenyewe ananiuliza, "Siumwi popote, nimeze dawa ya nini?" Ana presha, na ana pumu ya tangu zamani, ikimbana hupewa tembe za prednisoloni.

Ninachotaka kujua: kuna utafiti unaoonyesha dawa hii inazuia mtu kuvunjika, au inapandisha tu namba kwenye karatasi?

Mzee_Kariobangi

Shosho yangu alibeba kuni na mitungi Murang'a mpaka uzeeni, na hakumeza tembe hata moja. Hizi ni biashara za makampuni ya dawa. Mpe supu, mpe jua la asubuhi, mwache mama wa watu.

SistaMstaafu

Pole na mama, binti yangu. Mzee, shosho yako namheshimu, lakini zile kuni alizozibeba tangu utotoni ndizo zilizomjengea mifupa. Huwezi kumtwika mtu mtungi akiwa na miaka 68 na kifundo kilichovunjika juzi, ukitarajia mambo yaleyale.

Nimefanya kazi wodi ya mifupa, kwa hiyo nitasema wazi. Mtu mzima akianguka kutoka kimo chake mwenyewe na mfupa ukavunjika, usiiite bahati mbaya ukaiacha hapo. Mfupa mzima huhimili anguko la namna hiyo. Na hao akina mama waliovunjika nyonga niliowageuza kitandani usiku kucha wasipate vidonda vya mgongo hawakuwa wazungu, walitoka Kangundo na Dagoretti. Kuhusu kutoumwa, osteoporosisi, yaani huku kudhoofika kwa mifupa, haiumi. Inauma siku mfupa unapokatika.

Ile alama ya T inamlinganisha mama na mwanamke kijana mwenye mifupa mizima. Shirika la Afya Duniani liliweka mpaka mwaka 1994: -2.5 kushuka chini ni osteoporosisi. Mgongo wake umeuvuka. Hata usingeuvuka, kuvunjika kifundo pamoja na hiyo prednisoloni vingetosha kumfanya daktari afikirie dawa.

Na hiyo prednisoloni umeitaja kwa kupita tu, mimi nimeng'ang'ana hapo. Hupunguza seli zinazojenga mfupa, na hasara kubwa hutokea miezi ya mwanzo ya kuitumia. Asiiache ghafla, tafadhali, mtu anaweza kuzidiwa vibaya. Ila muulizeni daktari wa pumu kama dawa yake ya kuvuta ya kila siku inatosha, ili asiwe anarudi kwenye tembe kila baridi ya Julai ikija.

Sasa utafiti. Tuanze na kalsiamu, kwa sababu ndiyo kila mtu anaiamini. Marekani walifuatilia wanawake 36,282 waliokwisha kukoma hedhi, nusu wakapewa kalsiamu na vitamini D, nusu vidonge vitupu visivyo na dawa. Matokeo yalitoka mwaka 2006: kuvunjika nyonga hakukupungua kwa kiasi cha kutegemewa, na mawe ya figo yaliongezeka kwa asilimia 17. Mwaka 2022 ukatoka utafiti wa VITAL, watu 25,871, vitamini D ya yuniti 2,000 kila siku kwa miaka mitano hivi. Waliomeza na wasiomeza walivunjika sawasawa. Lakini usiichukulie kwamba ni takataka. Hao walikuwa watu wa kawaida ambao hawakuteuliwa kwa kuwa na upungufu. Mama anayeshinda ndani na kula kidogo ni habari nyingine, na hata alendroneti yenyewe haifanyi kazi vizuri kama mwili hauna kalsiamu. Ni fundi bila simenti.

Alendroneti yenyewe ilijaribiwa kwa wanawake ambao tayari walikuwa wamevunjika pingili za mgongo, matokeo yakachapishwa 1996. Baada ya miaka mitatu, katika kila 100 waliopewa kidonge kitupu, 15 walikuwa na pingili mpya iliyovunjika. Kwa waliopewa dawa, 8. Nyonga ilivunjika kwa wawili hivi katika kila 100 waliopewa kidonge kitupu, na mmoja katika kila 100 waliopewa dawa. Kwa hiyo si namba ya karatasi tu. Lakini pia, kama unavyoona, dawa inapunguza hatari, haimfanyi mtu awe wa chuma.

Taya: ipo, ni nadra sana kwa kipimo hiki cha tembe. Nyingi ya zile habari za kutisha zinatokana na wagonjwa wa saratani wanaodungwa kiasi kikubwa cha dawa za jamii hii. Kama ana jino la kung'olewa, ling'olewe kwanza. Ipo pia mivunjiko isiyo ya kawaida ya paja kwa wanaomeza miaka mingi, ndiyo maana baada ya kama miaka mitano daktari hukaa chini kuamua kama apumzike. Akisikia maumivu ya paja yasiyoeleweka, aseme mapema.

Kinachoharibu kazi ya dawa hii ni namna ya kuimeza. Asubuhi, tumbo tupu, bilauri nzima ya maji matupu. Si chai, si maziwa, wala hizo tembe za kalsiamu. Kisha nusu saa asilale na asile; akae wima au atembeetembee, la sivyo itamchoma umio. Dawa ya presha ameze baadaye.

Supu anywe kama anaipenda. Kalsiamu nyingi hubaki ndani ya mfupa uliochemshwa, haiingii kwenye sufuria. Afadhali omena, maana unaila na mifupa yake, uji wa wimbi, maziwa, na sukuma. Spinachi na mchicha zina kalsiamu, ila zina oksalati inayoishikilia isiingie mwilini.

BabaTwins_Rongai

Naongezea moja. Mama mkwe alipewa sindano ya mifupa ya denosumabu, ile ya kila miezi sita. Nzuri, lakini pesa zikaisha na hakuna aliyetuambia kwamba haiachwi hivihivi. Mfupa uliohifadhiwa hupotea haraka sana ukiiacha, akavunjika pingili za mgongo. Mtu akikwambia "tubadilishe kwa sindano," uliza kwanza itakuwaje siku ukiikosa.

KitindaMimba_Umoja

Asanteni, hasa Sista. Mazoezi je? Binamu yangu anasema apelekwe jimu akanyanyue vyuma.

SistaMstaafu

Hajakosea kabisa. Australia waliwafanyisha wanawake wenye mifupa hafifu mazoezi ya kunyanyua uzito mzito, mara mbili kwa wiki, miezi minane, na uzito wa mfupa wa mgongo ukapanda. Jaribio liliitwa LIFTMOR, la mwaka 2018. Lakini kila mara walikuwa na mtu amesimama kando anawasimamia. Yeye aanze kwa fiziotherapisti: kuinuka kitini bila kushika, kusimama mguu mmoja akiwa karibu na ukuta.

Na kabla ya jimu, tochi. Mweke moja kando ya kitanda na nyingine mfukoni akishuka ngazi. Patipati zilizolegea zitupwe, na ile ndoo ya maji katikati ya mlango wa bafu, najua ipo, iondolewe.

Jambo moja zaidi: ana presha, sasa je, figo zilipimwa? Alendroneti haipewi mtu ambaye figo zimeshuka sana.

KitindaMimba_Umoja

Ndoo ipo, Sista, umeniona! Mama amesoma yote haya juu ya bega langu. Amekubali, ila amechagua Jumatano, kwa sababu Jumapili hawezi kwenda kanisani bila chai. Karatasi ya figo siioni kwenye faili. Kesho nitawapigia wakifungua, na tembe haitoki kabatini kabla ya hapo.