Naombeni ushauri: baraza limeniagiza nimpelekee mwalimu wangu wa kipaimara barua ya kumpumzisha

Katibu_Mlimani

Wakuu, Bwana Yesu asifiwe. Na wasio wa imani hii, habari zenu.

Mimi ni katibu wa baraza la wazee kwenye usharika wetu wa Kilutheri, huku mlimani Kilimanjaro, upande wa Hai. Ndiyo, mzee wa kanisa mwenye miaka 36, msinicheke.

Tuna baba mmoja, mwinjilisti mstaafu, ana miaka 81. Amefundisha kipaimara tangu sijazaliwa. Kanifundisha mimi, wadogo zangu, na baba mdogo kabla yetu. Katekisimo Ndogo ya Luther anayo yote kichwani, kitabu anakishika kwa mazoea tu. Halipwi kitu.

Tatizo ni hili. Darasa linaanza saa nane mchana Jumamosi na linaisha giza likiingia. Hadithi ileile anaisimulia mara mbili siku moja. Mtoto anamwita kwa jina la babu yake, wenzake wanacheka. Wazazi wamelalamika. Sasa kuna kijana wa chuo amejitolea, ana kompyuta na projekta. Baraza likapiga kura: mzee apumzishwe, darasa la Januari lianze na kijana. Nikaagizwa niandike barua na niipeleke mwenyewe, "kwa kuwa anakupenda".

Upande wa pili: mwaka huu jirani alianza kusogeza uzio ndani ya kiwanja cha kanisa. Hati zetu upande wa korongoni hazieleweki. Mzee akaja na fimbo yake, akaanza kutembea kwenye vichaka akionyesha mti mmoja wa isale (mmea ambao Wachaga huupanda kuweka mpaka) baada ya mwingine, mingine imemezwa na magugu kabisa, na kila mmoja anataja nani aliupanda na nani alishuhudia. Marehemu babu wa yule jirani alikuwamo kwenye mashahidi. Jirani akasema, "Baba, yaishe." Barazani hakuna aliyekuwa anaijua mipaka ile. Na msiba ukitokea usiku wa manane, watu wanampigia yeye kabla ya mchungaji.

Naomba kujua kama barua hii ni halali mbele za Mungu. Na kama ni halali, naanzaje?

NgomaNzito

Mkuu, peleka barua, unajitesa bure. Serikalini mtu akifika 60 anatoka, anaagwa kwa soda, maisha yanaendelea. Mtoto wa siku hizi ukimweka kwenye benchi Jumamosi nzima anahamia kwa manabii. Huu msemo wa penye wazee haliharibiki neno umeshaharibu mengi.

Bibi_Marangu

Mwanangu Katibu, shikamoo yako nimeipokea hata kama hukuiandika. Nina miaka 73.

Huyo wa serikalini ana kiinua mgongo na pensheni. Mwinjilisti wenu mmempa nini? Kufundisha kwake ndiyo sadaka yake, na ninyi mnamwandikia kwamba sadaka imekataliwa. Soma Zaburi ya 71. Kwenye mstari wa 9 mtu anamwomba Mungu asimtupe wakati wa uzee. Wengi wanaishia hapo. Endelea hadi wa 18 uone anataka kuishi kwa ajili gani: akieleze kizazi kinachokuja nguvu za Mungu. Hiyo ndiyo kazi mnayotaka kumnyang'anya.

Mimi niliongoza umoja wa wanawake mpaka magoti yakakataa, nikaomba mwenyewe kupumzika. Kupumzika hakukuniuma. Kilichoniuma ni kwamba tangu siku ile hakuna aliyekuja kuniuliza hata masufuria makubwa ya kanisa yapo kwa nani. Walinunua mengine kwa mchango, na yale ya zamani yapo stoo kwa shemeji yangu mpaka leo.

Barua usipeleke. Kwa watu wa umri wetu barua ni ya mahakamani.

Mwl_Sayuni

Katibu, swali lako la kwanza lina jibu kwenye Torati, Hesabu 8, mistari mitatu ya mwisho. Mlawi, yaani mtu wa kabila la Lawi lililohudumu kwenye hema la ibada, aliingia utumishi huo akiwa na miaka 25, akifika 50 anaacha kazi. Mungu mwenyewe ndiye aliyeweka ukomo huo. Kwa nini? Angalia kazi ilikuwa nini. Hema lilikuwa linahamishwa jangwani, na wana wa Kohathi, ukoo mmoja wa Walawi, walibeba vyombo vitakatifu mabegani, si kwa magari. Ulikuwa mzigo wa mgongo.

Lakini andiko haliishii kwenye kustaafu. Linasema baada ya 50 atahudumu pamoja na ndugu zake hemani, kulinda ulinzi. Hakurudishwa nyumbani. Aliondolewa mzigo, akabaki na zamu. Kwa hiyo baraza kumpunguzia mzee wenu mzigo si dhambi. Kumwacha bila zamu ndiyo ningeogopa.

Halafu soma 2 Samweli 19 kuhusu Barzilai Mgileadi. Mfalme Daudi alipomkimbia mwanawe Absalomu, huyu mzee na wenzake walimletea vitanda, ngano, dengu, asali na siagi kule Mahanaimu. Vita vilipokwisha mfalme akamwambia twende Yerusalemu, nikutunze. Akakataa. Nina miaka 80, anasema, chakula sionji ladha, waimbaji siwasikii, kwa nini niwe mzigo kwako? Ila akamtoa mtu wake aitwaye Kimhamu aende badala yake. Aliyepima nguvu zake ni mwenyewe, na aliyetaja jina la wa kushika nafasi ni mwenyewe. Ninyi mmemfanyia mzee yote mawili kwa kura, bila yeye kuwepo.

Mkweli_Daima

Tusitiane chumvi machoni, jamani. Mvi si wokovu. Eli alikuwa na miaka 98, kuhani, na wanawe walikuwa wanadhulumu sadaka mbele ya macho yake. Sulemani aligeuzwa moyo alipokuwa mzee, siyo ujanani. Mithali 16:31 watu wananukuu nusu: "Kichwa chenye mvi ni taji ya utukufu", wanaacha "kama kikionekana katika njia ya haki". Na Mhubiri anamsifu kijana maskini mwenye hekima kuliko mfalme mzee asiyepokea tena maonyo.

Kanisani kwetu mtunza hazina mmoja alikaa na funguo hadi akalazwa. Haikuwa wizi, alikuwa amesahau tu. Lakini ujenzi wa paa la kanisa ulisimama msimu wote wa masika. Ibada tulifanyia chini ya turubai kwa sababu tuliona haya kumwambia mtu mzima apokezane.

Mwl_Sayuni

Mkweli, sikupingi. Mungu huwa hatoi hekima kama zawadi ya kuzaliwa zamani. Ndiyo maana nampenda Kalebu wa Yoshua 14. Ana 85, anaomba nchi ya milima walikokuwa Waanaki, wale majitu, na miji yenye maboma, mahali ambapo wenzake waliogopa. Wengi wetu tunasifia nguvu zake. Mimi huwa narudi nyuma: alipotumwa kupeleleza alikuwa na 40, akaleta habari ya kweli wakati karibu wote walileta ya hofu. Uzeeni alikuwa anaendelea na jambo lilelile. Ukitaka kujua mzee fulani ni taji au ni cheo tu, muulize amekuwa nani miaka yote hiyo. Huyu wa Katibu, watu wanampigia usiku wa manane.

Mtoto_wa_Parokia

Mimi Mkatoliki, mniruhusu. Kwetu askofu akifikisha 75 anaombwa kumwandikia Papa kuomba kung'atuka. Kardinali Pengo alitimiza 75 Agosti 2019 na mwezi huohuo Papa akaridhia. Makardinali waliovuka 80 hawapigi kura ya kumchagua Papa, tangu enzi za Paulo VI. Benedikto XVI aling'atuka mwenyewe Februari 2013 akiwa na 85. Hakuna anayeona ni matusi, kwa kuwa utaratibu unajulikana mapema na ni wa wote. Baraza lenu limetunga sheria kwa ajili ya mtu mmoja. Hapo ndipo panapouma.

Halafu kuna cha kufanya baadaye. Mwalimu Nyerere aliachia urais 1985. Alizigeuza Injili kuwa tenzi, zikachapishwa 1996, na mpaka anafariki 1999 alikuwa bado msuluhishi wa Burundi. Mtafutieni mzee kazi inayotaka kichwa chake. Kwanza hiyo mipaka: vijana watembee naye, waandike kila isale na jina la shahidi. Leo yupo.

NgomaNzito

Nimesoma yote, nalegeza. Lakini watoto bado wanasinzia, nani atawaamsha?

Bibi_Marangu

Hata wewe ungesinzia toka saa nane hadi giza. Punguzeni muda! Kijana afundishe na mashine yake, mzee aje mwishoni awasikilize mmoja mmoja wakisema kwa moyo. Na mtoto kuitwa jina la babu yake ndiyo anatukanwa? Mwambieni huyo babu alikuwa nani.

Katibu_Mlimani

Wakuu, mrejesho. Nilimpigia mchungaji, barua imesimama kwanza. Nikaenda kwa mzee bila karatasi, na kilo mbili za sukari.

Sitawadanganya kwamba alifurahi. Alikasirika, hasa kuhusu projekta. Akauliza umeme ukikatika watafundisha nini, nami sikuwa na jibu. Alipotulia akasema macho yamechoka kweli, na Jumamosi akirudi nyumbani miguu inawaka moto. Alikuwa anaogopa kusema kwa sababu alidhani hakuna wa kupokea. Anachokataa kuacha ni wale wasiojua kusoma vizuri, ambao kila mwaka wapo na sisi huwa tunawapitisha kimyakimya. "Hao niachieni mimi."

Nikamuuliza kuhusu Kimhamu wake. Hakumtaja kijana wa chuo. Alimtaja dada mmoja fundi cherehani, wa kwaya, ambaye kwa miaka kadhaa amekuwa akija kukaa benchi la nyuma na kuwafuata nyumbani watoto wanaokosa darasa. Mimi nilijua anakuja kumsubiri mdogo wake!

Shida mpya: baraza nalijua. Watasema huyo dada hakumaliza hata kidato cha nne.

Mwl_Sayuni

Peleka jina hilo kama alivyolisema, na mwombe mzee awepo kikaoni. Kijana wa chuo asaidiane na huyo dada, asiachwe naye akavunjika moyo.

Bibi_Marangu

Na wakianza habari za kidato, waulize mwinjilisti wao aliishia darasa la ngapi.

Katibu_Mlimani

La nne, bibi. Kikao ni Jumapili baada ya mnada. Nitaleta majibu.