Programu inaganda mama akibonyeza "Hifadhi", nimshauri simu gani?

Mwana_Birere
Jambo wakubwa. Niko Goma, naandika programu ya Android kwa lugha ya Kotlin kwa ajili ya depo moja ya unga pale Birere. Inaandika mauzo na madeni, kisha inayatuma kwenye seva. Kwangu inaenda vizuri. Kwenye simu ya mama mwenye depo, akibonyeza "Hifadhi" kioo kinaganda, na mara nyingine kinatokea kile kidirisha cha kumuuliza afunge au asubiri. Mnitajie simu ya bei nafuu yenye RAM ya kutosha mama anunue. Jumamosi nakabidhi, silali.

Fundi_Majengo
Usimnunulie iliyokwisha kutumika bila kupima betri. Mimi niliuziwa moja inang'aa, saa sita mchana imezima, na umeme wetu mnaujua. Nilirudi kwa muuzaji mara nne, ya tano nikakuta amehama.

Dada_wa_Ibanda
Simu iacheni kwanza. Kidirisha hicho hutokea thredi kuu, yaani mkondo mkuu wa kazi ndani ya programu, isipojibu mguso kwa sekunde 5. Thredi hiyo ndiyo inayochora kioo na kupokea vidole. Kwa fremu, yaani picha za kioo, 60 kwa sekunde, kila fremu ina milisekunde 16 tu. Ukiisimamisha kusubiri seva, kidole cha mama hakina wa kukipokea. Tena tangu Android 3 ya mwaka 2011, anayefungua mtandao kwenye thredi kuu hukatwa na kosa liitwalo NetworkOnMainThreadException. Yako imepitaje?

Mwana_Birere
Niliweka mstari wa StrictMode, yule mlinzi wa thredi kuu, unaoruhusu kila kitu. Na kwenye Room, ile hifadhidata ya simuni, nikaweka allowMainThreadQueries ili itumike kwenye thredi kuu. Thredi za nyuma nilizijaribu, programu ikawa inakufa kila ikitaka kuandika "Imehifadhiwa" kwenye kioo. Nikaona heri ikawie kuliko ife. Kwenye simu yangu haifiki hata sekunde moja, ndiyo maana nasema tatizo ni simu yake.

Fundi_Majengo
Si atumie AsyncTask, ile njia ya kupeleka kazi thredi ya nyuma? Ndiyo niliyofundishwa.

Dada_wa_Ibanda
Hiyo iliachwa rasmi na Android 11, mwaka 2020. Asianze nayo leo.

Papa_Katindo
Mdogo wangu, kazi ya mtu ni amana. Nilikuwa fundi cherehani kabla ya kompyuta. Suruali ikimbana mteja, hukumwambia apunguze tumbo, ulifumua mshono. Huyo mama amekwisha kukulipa?

Mwana_Birere
Amenipa dola 100 za mwanzo. Na kuna jambo sikulisema. Kioo kikiganda, yeye hubonyeza tena. Wiki jana alibonyeza mara tatu. Mteja wake wa Sake alichukua mifuko 4 kwa deni, programu ikaandika 12. Mama akamdai 12 mbele ya watu. Yule mzee akatoa kidaftari mfukoni, kimefungwa kwa mpira, kurasa zimelainika kwa jasho: mifuko 4, tarehe, na sahihi ya mama mwenyewe. Hajarudi tena depo. Nilimwambia mama simu yake imechoka, na ameanza kuweka akiba ya nyingine.

Kijana_wa_Kadutu
Hii imetungwa. Kioo kilichoganda kitaandikaje mara tatu? Ni swali la mtihani, mmelivisha kitenge.

Motari_Virunga
Hata mimi nina shaka. Napakia unga Birere kila siku, naona madaftari tu.

Dada_wa_Ibanda
Inawezekana kabisa. Seva ikichelewa sekunde tatu au nne, kidirisha hakitokei, lakini miguso haipotei. Inapanga foleni, na thredi kuu ikipumua inaitekeleza mmoja mmoja.

Mwana_Birere
Nimefungua hifadhidata sasa hivi. Safu tatu, mteja yuleyule, mifuko 4 kila moja, zimepishana sekunde 4 na sekunde 3. Ndugu wa Kadutu, sikutunga.

Kijana_wa_Kadutu
Basi niwie radhi. Na huyo mama umwambie ukweli.

Dada_wa_Ibanda
Futa mistari ile miwili. Kazi za Room ziandike kwa suspend, neno la Kotlin la kazi inayoweza kusubiri bila kuzuia thredi, Room yenyewe itazitoa kwenye thredi kuu. Seva usiisubiri: andika simuni kwanza, WorkManager, chombo cha Android cha kazi za baadaye, itatuma mtandao ukirudi. Kazi nyingine nzito, kama kusoma faili kubwa, iingize kwenye withContext(Dispatchers.IO), inayoipeleka thredi za nyuma. Ukiwa umeianzisha kwa viewModelScope, ambayo huanzia thredi kuu, ukitoka kwenye mabano hayo umerudi thredi kuu, na hapo ndipo pa kugusa kioo. Programu yako ilikufa kwa sababu uligusa kioo ukiwa nyuma, na kioo huguswa na thredi iliyokiunda tu. Kitufe kizime mara kinapobonyezwa. Na kila mauzo yape kitambulisho fomu inapofunguka, yakija mara ya pili hifadhidata iyakatae.

Mwana_Birere
Aksanti sana, dada. Nimebadilisha usiku kucha. Leo asubuhi, kwenye simu ileile ya mama, nimezima mtandao kisha nikabonyeza mara sita kwa haraka: safu moja. Ndipo nikamweleza yote. Alinyamaza, akamaliza kumpimia mteja unga, akajipangusa mikono. Akaniuliza kama nina nauli ya kwenda Sake. Tunakwenda naye Jumapili, baada ya misa.