Naomba ushauri: Ualimu Mkwawa au nibaki Mbeya?

Binti_Tukuyu: Shikamooni wakuu. Nimemaliza kidato cha sita, HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza), nina Division II. Nataka shahada ya ualimu, Kiingereza na Historia. Niombe Mkwawa kule Iringa, au TEKU na Chuo Kikuu cha Katoliki hapa Mbeya? Dirisha linakaribia kufungwa na usingizi siupati.

Ipogolo_Darajani: Marahaba. Division haikusaidii hapo. TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, wanataka principal mbili, yaani ufaulu wa A hadi E, zenye jumla ya pointi 4.0 kwenye masomo ya kozi. A ni 5, B 4, C 3, D 2, E 1. S siyo principal. Weka alama, somo kwa somo.

Binti_Tukuyu: Nimefaulu vizuri tu mkuu. Nilitaka kujua chuo kipi kizuri.

Mzee_Makambako: Mwanangu, ualimu ni wito. Ukiingia darasani kwa kufuata mkopo, wanaoumia ni watoto wa wenzio. Jiulize hilo kwanza.

Kihesa_Juu: Na walimu wa arts wamejaa mtaani. Wanaotafutwa ni wa Fizikia na Hisabati.

Ipogolo_Darajani: Hajauliza hayo. Alama, mdogo wangu.

Binti_Tukuyu: Historia C, Jiografia E, Kiingereza S.

Soweto_Mbeya: Hesabu inagoma. Kwenye division ya kidato cha sita pointi zinahesabiwa kinyume: C ni 3, E ni 5, S ni 6. Jumla 14, hiyo ni III. Division II inaishia 12. Uzi wa kutunga huu, msijichoshe.

Binti_Tukuyu: Sijatunga kaka. II ni ya kidato cha nne, ya sita ni III. Halafu maombi yameshatumwa. Kaka wa steshenari kanijazia, vyuo vyote Kiingereza na Historia, na namba ya simu kaweka yake. Ni mzoefu, kaombea wengi, sioni haja ya kuanza upya.

Kihesa_Juu: Bora urudie mtihani Mei.

Ipogolo_Darajani: Arudie nini wakati ana sifa? Soweto, anayetunga angejipa alama za kujivunia.

Binti, C na E ni 3 + 1, yaani 4.0 kamili, haibaki hata nusu. Lakini zimetoka Historia na Jiografia. Kwa S huwezi kuchukua Kiingereza kama somo la kufundishia. Ukiacha maombi yalivyo, unahesabiwa principal moja na jina halitoki. Ingia kwenye akaunti ya kila chuo, badili masomo kabla dirisha halijafungwa. Kwanza fungua mwongozo wa TCU wa mwaka huu, usome mstari wa kozi yenyewe, maana zipo kozi zinazoongeza masharti.

Chuo kipi? Omba vyote vitatu. 4.0 ni kiwango cha chini, haikuhakikishii nafasi, na vyuo vya umma kama Mkwawa vina ushindani mkubwa.

Hiyo namba ya simu ndiyo inayonitisha. Ukichaguliwa vyuo zaidi ya kimoja, unatumiwa msimbo wa kuthibitisha kimoja tu. Ukiingia kwenye simu ya mtu, akachelewa kukuambia, muda ukapita, nafasi imekwenda. Akithibitisha chuo usichokitaka, utaanza kuomba kufutiwa uthibitisho. Weka namba na barua pepe yako leo.

Mkopo nao: namba ya mtihani wa kidato cha nne uliyojaza HESLB, Bodi ya Mikopo, iwe ileile uliyoombea chuo. Cheti cha kuzaliwa kihakikiwe RITA, wanaosajili vizazi na vifo, mapema, na jina lilingane na la cheti cha shule hadi herufi. Fomu isainiwe serikali ya mtaa na kwa wakili au hakimu, kisha kagua kila ukurasa uliopakia. Sahihi au muhuri ukikosekana, fomu haijakamilika.

Binti_Tukuyu: Nikibadili si atanidai tena hela?

Soweto_Mbeya: Mwambie akupe nywila tu, dada. Kubadili unafanya mwenyewe kwa simu. Ukikwama, piga picha ya skrini uiweke hapa, ila ufunike namba ya mtihani.

Binti_Tukuyu: Sawa kaka. Naenda kwake sasa hivi kabla hajafunga. Ila Jiografia kwa kweli siipendi.