Re: Kumtoa mtoto shule na kumsomesha nyumbani Pennsylvania, naanzia wapi?

Shikamooni wakubwa, na wengine hamjambo. Mie wa Makorora, sasa niko Pennsylvania mwaka wa pili. Mwanangu ana miaka 9, shule imemshinda, kila asubuhi tumbo linamuuma na kilio juu, nimeamua nimsomeshe mwenyewe nyumbani. Baba yake anasema Jumatatu asiende tena. Kuna aliyefanya hivi? Karatasi gani zinatakiwa, na kufundisha kwa Kiswahili kunaruhusiwa?

—

Marhaba mdogo wangu, na pole na mtoto. Nakujibu nikiwa Tanga, nimefikia kwa mama Ngamiani barabara ya 12, umeme ulikatika tangu alasiri ndo umerudi sasa hivi, ngoja niandike yote kabla haujaondoka tena.

Jumatatu mpeleke shule. Najua analia na wewe moyo unakuuma, lakini mpeleke mpaka karatasi iwe imeshafika distrikti, yaani ofisi ya shule za eneo lenu. Mie nilimtoa wangu Jumatatu nikasema karatasi nitazipeleka mwisho wa wiki nikipata off, na kwa sheria ya Pennsylvania mtoto akikosa siku 3 bila udhuru tayari anahesabiwa mtoro, zikifika 6 ni mtoro sugu na kesi inaweza kwenda mpaka kwa hakimu. Barua ikaja. Nilisimama nayo pale kwenye sanduku la barua, nimetoka zamu ya usiku, viatu vya kazi bado viko miguuni, naisoma mara ya tatu na jina la mwanangu limeandikwa pembeni ya neno hilo la mtoro, mtoto ambaye alikuwa ndani amelala na kitabu kifuani. Sitaki wewe yakukute.

Na wala hakuna haja maana karatasi yenyewe haichukui wiki. Inaitwa hati ya kiapo, unampelekea suprintendenti, yaani mkuu wa distrikti unayokaa. Humuombi ruhusa, unamtaarifu, ukishaipeleka unaanza. Ndani yake unaandika jina lako wewe msimamizi, kwamba una diploma ya hai skuli au inayolingana nayo, jina na umri wa mtoto, anuani, masomo utakayofundisha na malengo ya kila somo (mistari michache tu inatosha, mie wa kwanza niliandika kurasa 9 na hakuna aliyezihitaji), ushahidi wa chanjo na afya, na kiapo kwamba wakubwa wote wa nyumba hiyo hawajatiwa hatiani kwa makosa fulani ndani ya miaka 5. Kadi ya kliniki ya nyumbani mpelekee daktari wa mtoto azihamishie chanjo kwenye karatasi zao, mie nilifanya hivyo. Halafu notari, mtu wa kushuhudia kiapo na kugonga muhuri. Notari wa kule si wakili kama tulivyozoea huku, mie niligongewa muhuri benki, dakika 10 na sikulipa kitu. Piga fotokopi, ipeleke kwa mkono ukagongewe tarehe ya kupokelewa, na shule yenyewe waachie barua kwamba mtoto anatoka. Mwaka ujao na kila mwaka mwisho ni Agosti 1.

Ukishaanza ni siku 180 kwa mwaka, au masaa 900 kwa watoto wa praimari, na mwaka wao unahesabiwa Julai 1 mpaka Juni 30. Hapa ndo pa kukazania, daftari la siku. Andika siku hiyohiyo, usiseme utakumbuka, na kila kitabu anachosoma andika jina lake. Hizi siku za Tanga nazihesabu zote. Kuna somo la lazima la usalama, na humo wanataka kabisa hatari za moto zifundishwe mara kwa mara. Juzi bibi yake mwanangu alikuwa anakaanga samaki kwenye jiko la mkaa, akamwita, akamuonyesha namna ya kukunja kanga isiburuze karibu na makaa, na mafuta yakishika moto usimwagie maji hata kidogo, funika kwa sinia, akachukua sinia akafunika karai mtoto aone. Wameongea Kiswahili mwanzo mwisho, jioni nikamwambia sasa niandikie ukurasa mmoja kwa Kiingereza alichokufundisha bibi. Ukurasa huo umeshaingia kwenye faili la kazi zake za mwaka na tarehe yake.

Hilo ndo jibu la swali lako la Kiswahili. Yale masomo ya lazima sheria inasema yafundishwe kwa Kiingereza, Kiswahili kiongeze juu yake kama somo, hakuna anayekukataza, na mie nakusihi ukiongeze kwa sababu mtoto wa miaka 9 akikipoteza sasa kukirudisha ni kazi.

Darasa la 3, la 5 na la 8 kuna mtihani wa kusoma na hesabu, na mzazi haruhusiwi kuusimamia mwenyewe. Kwa hiyo angalia wako yuko la ngapi. Mwisho wa mwaka unatafuta mkaguzi, mwalimu mwenye leseni ya Pennsylvania anafaa, anaongea na mtoto, anapitia faili, anaandika cheti, na cheti kinamfikia suprintendenti kabla ya Juni 30. Tangu sheria ilipobadilishwa 2014 faili lenyewe haliendi distrikti, linaenda kwa mkaguzi tu. Mwaka jana karani mmoja wa distrikti alinipigia anataka faili zima, nikamwambia kwa heshima sheria inataka cheti nikamtumia cheti, hakurudi tena.

Wa steti nyingine msinifuate mie. Texas wazazi hawapeleki taarifa yoyote steti, kama mtoto yuko shule ya umma unaiandikia shule kwamba anatoka basi, Ohio ni taarifa kwa suprintendenti ndani ya siku 5 tangu uanze kisha kila mwaka kabla ya Agosti 30. Na mlioko Ujerumani huko hairuhusiwi kabisa, sababu zinazokubalika ni chache mno.

—

Dada asante sana, nimemsomea baba yake yote. Nafanya kazi usiku, je lazima nifundishe asubuhi?

—

Hapana, sheria haikupangii saa. Mie nalala mpaka saa 6 mchana tunaanza saa 8, na Jumamosi tunasoma, siku ni siku. Andika hati leo usiku kwa Kiingereza chako hichohicho, nitumie kwa imeili kabla hujaenda kwa notari niipitie, huku tukiamka asubuhi utaikuta imesharudi.