Naomba ushauri: najihukumu mno nikisimama kwenye mtupo huru

Habari zenu wadau. Nacheza mpira wa kikapu, na kinachonisumbua ni mitupo huru (free throw, ile unayorusha bila kuzuiwa baada ya faulo). Mazoezini inaingia bila taabu. Ikija mechi, umbali ule ule wa mita 4.6, kesi inaanza kichwani: "kiwiko kimetoka nje, magoti hujakunja, utakosa tena." Nikikosa wa kwanza, wa pili ndiyo kabisa, mkono unakakamaa, mpira unagonga mbele ya ringi.

Nimesoma kuhusu tafiti za Gabriele Wulf, mtafiti wa jinsi watu wanavyojifunza miondoko ya mwili, kwamba mchezaji akielekeza akili kwenye shabaha badala ya viungo vyake, mara nyingi mwili hufanya kazi vizuri zaidi. Basi nadunda mpira, natazama nyuma ya ringi, narusha. Inasaidia, mpaka nikose. Hapo hakimu wa kichwani anarudi kazini. (Na kocha akipaza sauti "tulia!" ndiyo ananimaliza, sijui kama ni mimi tu.)

Wenye uzoefu, mnafanya nini kati ya mtupo wa kwanza na wa pili? Na kosa la kweli, mfano hicho kiwiko, mnalirekebisha wakati gani bila kuanza kujisuta?