Mnaosema "JZ zote zinaingiliana", mmeniulia injini

Wakuu, naandika nikiwa na hasira na sioni sababu ya kuzificha. JZ ni familia ya injini za Toyota, na kuna wanaosema yoyote kati yake inaingia popote. Injini niliyoifunga mwezi wa tatu imekufa kabla ya kufikisha kilomita 2,000, na haikufa kwa uchakavu. Imeuawa na streina, ule mrija wenye wavu unaoning'inia ndani ya sampo (bakuli la oili chini ya injini) na kunyonya oili kuipeleka kwenye pampu.

Gari ni Mark II GX100. Ilikuja na injini ya 1G-FE ya cc 2,000, nikaamua kuweka 1JZ-GE VVT-i ya lita 2.5. Wala si jambo la kubuni: Toyota wenyewe walifunga injini hiyo kwenye bodi hii hii, wakaiita JZX100. Nikaenda Gerezani, Dar, kwa wauza spea, nikatoa milioni 3.2 nikabeba injini. Nikamuuliza muuzaji ilitoka kwenye gari gani. Hajui. "Kaka, JZ ni JZ."

Si kweli. Fundi alipoishusha kwenye bodi, bakuli la sampo likakalia krosimemba, lile chuma linalokatiza chini ya injini. Familia ya JZ ilifungwa kwenye magari mengi, na sampo zake zinatofautiana: kuna zenye bakuli mbele, kuna za katikati, kuna za nyuma, kulingana na chini ya gari palivyokaa. Pampu yenyewe haina shida, iko mbele ya injini na inazungushwa moja kwa moja na krenki, shafti kuu ya injini. Kinachobadilika ni kule chini: sampo ya juu ya aluminiamu, sampo ya chini ya bati, streina, na dipstiki (kijiti cha kupimia oili) na mrija wake. Hiyo ni seti moja. Ukikosa kimoja huna kitu.

Nikarudi kwa muuzaji kutafuta seti. Akanipa sampo zote mbili, juu na chini. Streina? "Ilishauzwa, wewe tumia ya kwako." Dipstiki? "Ya kwako inaingia." Hapa ndipo ninapowalaumu wauzaji waziwazi. Mnapokea injini nzima ikiwa na kila kitu, mnaivunja vipande, streina kwa huyu, sampo kwa yule, halafu anayekuja mwisho mnamwambia itaingia tu. Streina aliiuza shilingi ngapi? Elfu 40? Elfu 60?

Fundi naye badala ya kusema "tusubiri tupate sahihi" akachukua streina ya zamani, akaikata mrija, akaukunja, akauchomelea. Nilimuuliza mara mbili kama ni salama. Akasema ameshafanya nyingi. Akamwaga oili mpaka dipstiki ikaonyesha F, yaani imejaa, na mimi nikaona lita 4 tu zimeingia, nikajua injini hii inachukua 5 na ushee. Akasema sampo hii ni ndogo. Nilipaswa kuzuia gari lisiwashwe pale pale.

Mjini ilikuwa inatembea vizuri kabisa. Kisha nikasafiri kwenda Iringa. Mpaka Ruaha Mbuyuni hakuna tatizo. Naanza kupanda mlima Kitonga, kona ya pili, taa ya oili ikamulika mara moja ikazima. Kona iliyofuata ikawaka ikakaa. Nikasimama, nikachomoa dipstiki: F. Unadhani ningewaza nini? Nikajua ni swichi ya taa. Nikaendelea kupanda. Kabla ya kufika juu nikaanza kusikia injini inagonga, kok kok kok, na mlio ukawa unafuata mwendo wa mguu wangu kwenye mafuta. Nikazima. Nimevutwa mpaka Iringa.

Fundi wa Iringa, mzee mtulivu asiye na maneno mengi, aliifungua mbele yangu. Alitoa kepu ya konrodi (mkono unaounganisha pistoni na krenki) ya silinda ya 6, beringi ikatoka na kipande cha pili kikiwa kimeingia chini yake, risasi yote imeisha, shaba inaonekana. Chujio la oili alilipasua, makunjo ya karatasi yalikuwa yanameremeta vumbi la chuma.

Kisha akafanya mambo mawili ambayo yule wa kwanza angeyamaliza kwa dakika 20. Aliziba mdomo wa streina, akamimina mafuta ya taa ndani ya mrija, akaufuta nje kwa kitambaa kikavu. Baada ya muda mfupi tone likajitokeza kwenye mshono wa kuchomelea. Tundu dogo kama la sindano. Tundu hilo likibaki juu ya usawa wa oili, pampu inavuta hewa kwanza, kwa sababu hewa ni nyepesi kuvutwa kuliko oili. Na makaa ya kuchomelea yaliyobaki ndani ya mrija yameshapita wavu, yanakwenda moja kwa moja kwenye pampu; chujio linakuja baada ya pampu, haliwezi kuilinda.

La pili: akaweka donge la unga wa chapati kwenye sakafu ya sampo, akafunga sampo, akafungua, akapima unga ulipobanwa. Milimita 27. Nafasi inayotakiwa kati ya streina na sakafu ya sampo ni kama milimita 6 hadi 10. Ikizidi, ukipanda mlima au ukikata kona oili inakimbia na streina inabaki hewani. Ikipungua sana, streina inajibana na sakafu na oili haipiti. Na ile dipstiki ya sampo nyingine ilikuwa inasema F wakati oili imepungua zaidi ya lita nzima.

Nawaambia wenzangu mnaotaka kuswapu, yaani kubadilisha injini: msinunue kwa jina la injini, nunueni kwa namba ya chesisi ya gari lililotoka kiwandani na injini hiyo kwenye bodi kama yako. Kwangu mimi ni JZX100, na streina ya Toyota namba yake inaanzia na 15104. Gasketi ya streina iwe mpya, ni kitu cha bei ndogo na ikivuja inavuta hewa vile vile. Fungeni geji ya presha kabla ya kusafiri, maana ile taa ya kiwandani inawaka presha ikiwa imeshaporomoka.

Muuzaji nimempigia. Anasema injini haina waranti ikishafunguliwa. Fundi wa kwanza hapokei simu.

Mwenye seti kamili iliyotoka kwenye JZX100, sampo zote mbili, streina na dipstiki, iliyofunguliwa kwenye injini moja, aniandikie. Nitumie picha streina ikiwa bado imefungwa kwenye bloku, na rula pembeni. Iliyokatwa au kuchomelewa popote sitaki hata kuiona.