Tupeane uzoefu: mtoto wako aliumia michezoni, ulifanyaje?

Mama Juni
Habari zenu wadau. Naanzisha huu uzi maana mpaka leo roho inaniuma. Mwanangu ana miaka 11, walikuwa wanajiandaa na UMITASHUMTA, yale mashindano ya michezo ya shule za msingi, akaruka kupiga kichwa akatua vibaya kifundo kikageukia ndani. Karudi anachechemea, sisi kama kawaida yetu maji ya moto yenye chumvi, taulo, jirani akaja kumchua, mtoto analia "mama mwambie aache" na mimi namwambia vumilia baba, itarudi mahali pake. Asubuhi mguu umevimba mpaka vidole vinang'aa, hata kandambili haiingii. Hospitali wakapiga picha wakakuta mfupa umepata ufa juu kidogo ya kifundo. Daktari akanieleza karibu na ncha za mifupa ya mtoto kuna tabaka laini la gegedu, ndiko mfupa unakorefukia, na hilo tabaka ni dhaifu kuliko hata kano zinazoshika kiungo, kwa hiyo ajali ambayo mimi ingenitegua tu, yeye inaweza kumvunja. Sasa hivi ana hogo, ile plasta ngumu ya mfupa. Wenzangu mlipitia nini?

Mwl wa michezo
Pole sana mama Juni. Nimefundisha michezo shule ya msingi miaka mingi na hayo maji ya moto ndiyo yananiumiza kichwa. Siku 2 au 3 za mwanzo hakuna kukanda, hakuna kuchua, damu inazidi kuvujia ndani na uvimbe unakua. Baridi ndiyo inatakiwa. Shuleni kwetu hakuna friji, namtuma mtoto kwa mama anayeuza barafu za ubuyu, tano sita nazifunga kwenye kanga, naweka dakika 15 mpaka 20 kisha natoa, narudia baada ya saa kadhaa, usiweke barafu moja kwa moja kwenye ngozi. Mguu uinuliwe juu ya mto. Kipimo changu kingine, akishindwa kukanyaga hatua 4 au ukibonyeza mfupa wenyewe anaruka, hapo ni eksirei, sibishani na mtu.

Bi Mwanaidi wa Tanga
Mimi langu zito jamani. Mjukuu wangu alikuwa golikipa, kaangukia mkono, kiwiko kikavimba. Tukampeleka kwa fundi wa mifupa, kamfunga vijiti vya mianzi na kitambaa, kakaza haswa. Usiku mtoto hakulala, analia maumivu hayaelezeki, tukasema ndo mfupa unaunga. Alfajiri nashika vidole, vya baridi kama vimetoka kwenye maji, nikabonyeza ukucha ukabaki mweupe, damu hairudi. Tulikata kile kitambaa tukakimbilia hospitali akafanyiwa upasuaji. Mkono upo, alhamdulillah, ila vidole viwili havinyooki mpaka mwisho na daktari kasema misuli ilikosa damu saa nyingi mno. Wanangu, mtoto akifungwa popote pale, iwe hogo iwe bendeji, kila mara mgusie vidole. Vikiwa baridi, vikifa ganzi, au maumivu yanazidi badala ya kupungua, msingoje kukuche.

Wa Kisauni
Pole bi mkubwa. Mie niko Mombasa, wangu wa miaka 9 aligongwa kiwiko cha mdomo wakicheza mpira wa kikapu, jino la mbele likatoka zima na mzizi wake. Kocha alilishika upande ule unaoonekana mdomoni, hakugusa mzizi wala hakulisugua, akalitia kwenye pakiti ya maziwa, tukafika kwa daktari wa meno haijatimia saa moja na likarudishwa. Lakini hiyo ni kwa jino la ukubwani tu, la utoto halirudishwi.

Baba Amani
Kichwa jamani msikisahau. Wangu aligongana na mwenzake, wakammwagia maji wakamrudisha uwanjani!! Jioni katapika mara tatu, anauliza swali lilelile, macho mazito. Skani ilitoka salama ila tuliambiwa aliyegongwa kichwa akachanganyikiwa hata dakika moja, siku hiyo hachezi tena, na kurudi ni taratibu, kwanza darasani aweze kusoma bila kichwa kumuuma, mpira baadae. Akitapika tena na tena, akisinzia asiamshike, au akipata degedege, ni dharura.

Mama Wawili
Mie binti wangu wa miaka 12 wa netiboli alikuwa analalamika goti, kanundu chini ya goti, nikamwambia anategea mazoezi. Kumbe mfupa unakua haraka na msuli wa paja unavuta pale pale. Kapunguziwa mazoezi, analaza barafu akitoka kucheza, ananyoosha mapaja. Nilimuomba msamaha.

Mama Juni
Mrejesho wadau, hogo lilitoka wiki 2 zilizopita. Mguu umekonda, ngozi ilikuwa inabanduka, aliogopa kukanyaga akanishika mkono wangu kwa nguvu. Kapewa zoezi la kusimama na mguu ule mmoja wakati anapiga mswaki, mimi nahesabu. Leo kafika 12.